Alichokifuta Constable

Mbwa wa kwenye The Hay Wain anautazama mkokoteni uliosimama majini, nasi tunayafuata macho yake bila kuamrishwa. Anaonekana kama kiumbe aliyezaliwa pale pale ukingoni. Kumbe alikuwa na mwenzake. John Constable alipoanza kuichora picha hii, jirani na mbwa palikuwa na mtu juu ya farasi, karibu kabisa nasi watazamaji. Akamfuta. Mahali pake akaweka pipa. Pipa nalo halikumridhisha, akalifunika kwa rangi, na akapaacha pale patupu: ukingo, mbwa, na maji ya kina kifupi yanayosogea hadi karibu na miguu yetu.

Hapo ndipo ningependa anayejifunza kuchora mto kwa rangi za mafuta aegeshe kiti chake. The Hay Wain imechapishwa kwenye kalenda, trei za chai na makopo ya biskuti mpaka imekuwa vigumu kuiona. Mtu huitupia jicho akadhani ni mahali tu: nyumba, miti, mto, mchana mwema, na mchoraji aliyeketi akanakili yaliyokuwa mbele yake. Mimi naisoma kama picha iliyojengwa kwa kuondoa. Ulimbwende wake, ile hali ya kumfanya mtazamaji atamani kuwa kule, haukuokotwa mtoni. Ulitokana na maamuzi, na mengi kati ya hayo tunaweza kuyafuatilia kwa macho kwa sababu tumeachiwa picha mbili badala ya moja.

Picha iliyokamilika iko National Gallery mjini London, yenye upana wa sentimita 185 na kimo cha sentimita 130. Ilionyeshwa Royal Academy mwaka 1821 kwa jina la Landscape: Noon, yaani mandhari ya adhuhuri, hilo jina la mkokoteni wa nyasi lilianzia kwa rafiki yake, kasisi John Fisher, likaishia kulimeza lile rasmi. Picha ya pili iko katika jiji hilohilo, kwenye makumbusho ya V&A. Ni rasimu ya rangi za mafuta yenye ukubwa uleule wa picha kamili.

Ukubwa uleule. Rasimu kila mchoraji wa zama zile alikuwa nazo, lakini zilikuwa ndogo, za kuweka juu ya goti au meza. Constable alianza desturi hii ya ajabu na The White Horse ya 1819, akaishikilia katika mfululizo wa picha kubwa za mto Stour, nyingi zikiwa na upana wa futi sita hivi: Stratford Mill mwaka 1820, The Hay Wain mwaka uliofuata, kisha View on the Stour near Dedham, The Lock, na The Leaping Horse ya 1825. Turubai lilikuwa na bei, rangi zilikuwa na bei, naye alikuwa na mke na watoto wa kulisha. Bado alijaza turubai zima kwa kitu ambacho hakukikusudia kwa mnunuzi yeyote.

Sababu yake imo ndani ya rasimu yenyewe. Humo huoni majani ya mti. Unaona fungu la giza lililoegemea kushoto, nyuma ya nyumba, na uwazi wa mwanga unaofunguka kuelekea kulia. Nyumba ni bapa la rangi. Farasi ni madoa meusi. Kahawia ya msingi wa turubai imeachwa ijitokeze kila mahali, na brashi imepita kwa kasi ya mtu anayeogopa kusahau. Rasimu inauliza swali moja tu: giza likae wapi, mwanga ukae wapi? Swali hilo haliwezi kujibiwa kwenye karatasi ndogo kisha jibu likakuzwa. Giza lenye ukubwa wa kiganja hubeba uzito wake. Likifikia ukubwa wa mlango, huwa jambo jingine, huweza kuiangusha picha nzima upande mmoja. Constable alitaka kuujua uzito huo kabla ya kupoteza miezi kwenye majani na vigae.

Kwa hiyo ninaye ugomvi na desturi ya madarasa mengi ya uchoraji, ambayo humpa mwanafunzi nakala ya picha iliyokamilika, akaigawa kwa mistari ya miraba, kisha akahamisha mraba kwa mraba. Matokeo yake huwa sahihi na hayana uhai. Kila jani lipo, upepo haupo. Anayetaka kujifunza kwa Constable na anakili rasimu ya V&A kwanza, kwa brashi pana kuliko anayoipenda, akiwa amekunja macho hadi maelezo madogo yapotee. Akifaulu kuweka lile fungu la giza na ule uwazi wa mwanga kwa uwiano wake, tayari ana mto, hata kabla hajapaka tone moja la bluu.

Maana kosa la kawaida la anayeanza ni kuanza na maji. Anayapenda, ndiyo yaliyomleta. Anachukua turubai jeupe, anachanganya bluu na nyeupe, anapaka utepe unaopinda katikati, kisha anazunguka kutafuta miti ya kuupamba. Turubai jeupe nalo humdanganya. Juu ya weupe kila rangi huonekana nzito kuliko ilivyo, kwa hiyo mkono huipunguza, huipunguza tena, na mwishowe mandhari yote imepauka. Msingi wa kahawia hukata udanganyifu huo: rangi iliyo nyepesi kuuzidi inajulikana, na iliyo nzito kuuzidi inajulikana pia. Halafu msingi huo unaendelea kufanya kazi hata ukishafunikwa. Miti ya Constable inapumua kwa sababu kati ya kijani na kijani kuna vipenyo vya joto vinavyotoka chini.

Ufundi wenyewe wa mafuta una sarufi yake hapa. Mafuta ya kitani hayakauki kama maji yanavyokauka; hunyonya oksijeni ya hewani na kugeuka taratibu kuwa ngozi ngumu. Tabaka lenye mafuta mengi hukawia kukauka. Ukiweka nono chini na konda juu, tabaka la juu litakaza huku la chini bado linajongea, na picha itapasuka. Ndiyo maana mafundi huanza na rangi iliyopunguzwa kwa tapentaini, wakaongeza unono kadiri wanavyopanda. Mwanafunzi huikariri kanuni hii kama masharti ya mganga, hali ni kanuni ya usomaji vilevile. Inalazimisha vivuli vije mapema, vikiwa vyembamba na vyenye kuzama, na mwanga uje mwishoni, mnene. Ndivyo The Hay Wain inavyosomeka: kwenye kivuli cha miti jicho linaingia ndani, na kwenye mmweko wa maji jicho linagota. Mwanga umewekwa juu ya turubai kama kitu kinachoweza kuguswa.

Vinundu hivyo vya weupe viliwaudhi wengi. Watu wa London walivitania kuwa ni theluji ya Constable, na dhihaka hiyo ikamfuata kwa miaka. Theluji adhuhuri ya kiangazi! Lakini wadhihaki waliona kitu cha kweli. Ukikaribia, vile vitone havielezi umbo la jani wala la wimbi. Vimetawanywa juu ya vitu kwa namna ambayo haiheshimu mipaka ya vitu: kimoja kiko kwenye jani, kingine kwenye ukingo, kingine majini, na vyote vinatoka kwenye brashi ileile. Ni mwanga wenyewe uliopewa mwili. Anayevinakili mapema, kabla ya giza kutulia, atapata upele. Vinahitaji giza la kuvikataa.

Kuhusu kijani kuna kisa ambacho mwandishi wa maisha yake, C. R. Leslie, alikihifadhi. Sir George Beaumont, tajiri aliyependa sanaa na aliyemfungulia Constable kijana mlango wa kuiona picha ya mchoraji Claude ya Hagari na malaika, alishikilia kwamba mandhari nzuri iwe na rangi ya fidla kuukuu. Constable akaichukua fidla akailaza juu ya nyasi za mbele ya nyumba. Wengi hukisimulia kisa hiki kama ushindi wa macho dhidi ya mapokeo, nami nadhani wanakisimulia nusu. Constable hakuitupa fidla. Aliichukua kahawia ya Claude akaiweka chini, ikawa msingi. Juu yake ndipo akaweka nyasi.

Nyasi zenyewe si za kijani kimoja. Mchoraji Mfaransa Delacroix, aliyeziona picha za Constable mjini Paris mwaka 1824, aliandika miaka mingi baadaye kwamba ubora wa kijani cha malisho ya Mwingereza huyo ulitokana na kuundwa kwa vijani vingi mbalimbali vilivyolala pamoja. Ufaransa iliielewa The Hay Wain kuliko nyumbani: London haikuinunua ilipoonyeshwa, mfanyabiashara John Arrowsmith akaivusha bahari, na Mfalme Charles X akampa Constable nishani ya dhahabu. Kwa mwenye ubao wa rangi mkononi, maneno ya Delacroix yana maana nyepesi kuelezeka na ngumu kutekelezeka. Usichanganye kijani hadi kilainike. Kiache kijani chenye manjano kikae ubavuni mwa kijani chenye bluu, na kilichotiwa kahawia kikae ubavuni mwa kilichotiwa nyeupe, jicho liviunganishe lenyewe kwa mbali. Mkono wenye wasiwasi husawazisha. Malisho ya The Hay Wain, upande wa kulia, yamekataa kusawazishwa, na ndiyo sababu yanaonekana yamelowa.

Kisha kuna wekundu. Umewekwa pachache mno: kwenye mapambo ya hatamu za farasi wa mkokoteni, na mguso mdogo kwa yule mtu aliye kando ya mashua, kulia, nusu amefichwa na matete. Ondoa wekundu huo kwa kidole (funika nakala uliyo nayo) na picha hupoa papo hapo, kijani chote kikageuka kuwa ukuta. Wekundu ni mpinzani wa kijani. Kiasi kidogo chake hukifanya kijani kikumbuke kuwa ni kijani. Wanaoanza hulijua hili haraka wakalitumia vibaya: paa jekundu, maua mekundu, mwanamke mwenye khanga nyekundu katikati. Constable aliuweka wekundu wake juu ya kitu kinachofanya kazi na chenye sababu ya kuwa na rangi hiyo. Kwa hiyo hatuuoni kama hila.

Sasa maji. Nimeyachelewesha kwa sababu picha nayo inayachelewesha. Yanasomeka tu baada ya vingine vyote. Kushoto, chini ya nyumba ya mkulima Willy Lott, ni meusi na yana joto, kwa kuwa yanaakisi kuta na miti. Yakifika katikati, kwenye magurudumu, yanavunjika. Kulia yanafunguka na kuchukua mbingu. Mbele kabisa, karibu nasi, yana ukahawia wa mto wenyewe, na hapo kuna jambo la fizikia ambalo picha inalitii kimya kimya: ukiyatazama maji ya karibu kwa kuinama, jicho hupenya hadi kwenye sakafu ya mto, ukiyatazama ya mbali kwa mshazari, jicho huteleza na kukutana na anga. Mto uliopakwa bluu ileile kutoka mbele hadi nyuma unakosea mara mbili, maana hauna kina mbele wala mbingu nyuma.

Angalia pia jinsi brashi ilivyogeuka mwelekeo. Uakisi wa nyumba na miti umeshuka wima. Mikwaruzo michache ya mlalo, mepesi na mikavu, imepita juu yake na kutuambia kwamba hapo kuna uso. Hizo mbili zinatosha. Wima ni kina, mlalo ni uso. Vitu vyeupe vikiakisiwa vimefifia kidogo, na vyeusi vimepata mwanga kidogo, kwa sababu maji hayarudishi chochote kizima. Mwanafunzi anayejua hivyo anaweza kuchora mto kwa rangi alizokwisha kuzitumia kwenye nyumba, miti na mawingu, bila kuongeza rangi mpya hata moja. Naona huo ndio ushahidi mkubwa kwamba maji ya The Hay Wain hayana rangi ya kwao. Ni hesabu ya yote yaliyoyazunguka.

Hapa ndipo kufutwa kwa mpanda farasi kunapoeleweka. Angebaki, maji ya mbele yangekuwa nyuma yake. Macho yangegonga mgongo wa farasi, yakapanda hadi kwa mpandaji, yakaruka hadi kwenye mkokoteni. Mto ungekuwa nafasi iliyobaki kati ya vitu viwili. Pipa lingefanya vivyo hivyo kwa sauti ndogo zaidi. Walipoondoka, maji yakaja mbele yakawa mlango. Mtazamaji anaingia kwa miguu yake mwenyewe, kwenye kina kifupi, mbwa akiwa kando. Wanaofundisha mandhari hurudia kila siku kwamba sehemu ya mbele iwekewe kitu cha kuikaza: jiwe, kichaka, mashua iliyofungwa. Constable aliweka, akaona, akaondoa. Sijui funzo la utunzi wa picha linaloonekana wazi kuliko hilo kwenye picha yoyote ya mto.

Mkokoteni wenyewe ni mtupu. Umesimama, au unasogea polepole mno, ukielekea mbali nasi, kwenye malisho ya ng'ambo ambako nyasi zinakatwa. Huelezwa kwamba magurudumu ya mbao yalilowekwa ili yavimbe na kuishika vyema mikanda yake ya chuma, na farasi wapoze miguu. Iwe hivyo au la, kimaumbo mkokoteni unaikalia ile nukta ambapo giza la kushoto linakutana na mwanga wa kulia, na kwa kuwa mwendo wake ni wa kutupa mgongo, unavuta jicho kutoka kwenye nyumba na kulipeleka kwenye uwazi. Mshazari huo ndio uti wa mgongo wa picha. Constable aliukumbuka mto vizuri, lakini kwa umbo la mkokoteni hakuiamini kumbukumbu yake: wakati wa baridi mwanzoni mwa 1821 aliomba achorewe mmoja kutoka kwao Suffolk, na kijana wa fundi Dunthorne akatoka kwenye baridi kuuchora. Yaani adhuhuri hii ya kiangazi ilitengenezwa London, miezi ya baridi, kutokana na vijirasimu vya nyumba ile alivyovichora miaka ya nyuma, na mkokoteni uliochorwa na vidole vilivyokufa ganzi. Wanaosema kwamba mandhari ya kweli lazima ichorwe papo hapo, miguu ikiwa kwenye matope, wana la kujibu hapa.

Anga ndiyo iliyobeba adhuhuri. Katika barua aliyomwandikia Fisher mnamo Oktoba 1821, Constable aliieleza anga kuwa ndiyo inayoamua lahani ya mandhari na kiungo kikuu cha hisia ndani yake, na majira hayo alikuwa Hampstead akichora mawingu matupu, picha baada ya picha, nyingine zikiwa na maelezo ya saa na upepo nyuma yake. Kwenye The Hay Wain mawingu hayajatulia. Upande mmoja kuna uzito wa kijivu, upande wa pili mwanya. Mwanga unaoanguka kwenye malisho una mahali ulikotoka. Jaribio rahisi la mwanafunzi: aulize kila doa la mwanga ardhini limepitia tundu gani la wingu. Likikosa tundu, hilo ni pambo. Katika picha nyingi za mito zinazouzwa kwa watalii, popote pale duniani, mwanga hautoki kokote.

Nina lawama moja, nayo si ndogo. Kule mbali kwenye malisho wako wavunaji. Wanahitaji kutafutwa. Ni vitone vya weupe, mashati labda, na mkokoteni mwingine uliojaa. John Barrell, katika kitabu chake cha 1980 kuhusu maskini wa mashambani katika uchoraji wa Kiingereza, alishikilia kwamba umbali huo una kazi: vibarua wawepo ili mandhari ionekane inalimwa, lakini wasisogee kiasi cha kuonekana nyuso. Mwaka 1822, mwaka mmoja baada ya picha kuonyeshwa, vibarua wa East Anglia, iliko Suffolk, walikuwa wakizivunja mashine za kupura nafaka. Mto Stour nao haukuwa kijito cha ndotoni. Sheria ya bunge ya 1705 iliruhusu ufanywe njia ya vyombo, ukawekewa milango ya maji na mashua za mizigo, na Golding Constable, baba wa mchoraji, alikuwa mwenye vinu na mfanyabiashara wa nafaka aliyepitisha mali yake humo. Kinu cha hapo, cha Flatford, kilikuwa chake. Hatukioni kwa sababu tumesimamishwa upande wake, tunatazama ng'ambo.

Kwa hiyo kufuta kulianza kabla ya brashi. Kinu kimebaki nyuma yetu. Mashua za mizigo, ambazo Constable alizichora bila haya katika picha nyingine za mfululizo huo, hapa hazimo. Kilichobaki kina ukubwa wa shamba moja na mwendo wa gari la farasi. Siwezi kumlaumu kama vile Barrell anavyolaumu, kwa kuwa kwenye turubai lenyewe vile vitone vya wavunaji ndivyo vinavyoyapa malisho umbali. Mvunaji mwenye uso angelivuta shamba mbele na kuifunga njia ya jicho. Lakini pia siwezi kusema kwamba umbo halina hatia. Uamuzi uleule uliomwondoa mpanda farasi ili maji yapate nafasi ndio uliowapeleka vibarua mbali ili nyasi zipate mwanga. Mwenye kujifunza mkono huu anajifunza yote mawili kwa pamoja, na ni vema ajue, kwa sababu siku atakapochora mto wake mwenyewe, wenye wavuvi, wafuaji na wachota mchanga, brashi itamshawishi kuwafanya vitone.

Nyumba ya kushoto, nikiri kwa upande wangu, hainivutii. Imekamilishwa kupita kiasi. Vigae, bomba la moshi, mwanamke aliyeinama majini, vyote vimepewa haki sawa, na kwa mara ya pekee picha inaonekana kuogopa kuachwa. Katika rasimu ya V&A nyumba ileile ni nzuri zaidi: bapa la joto lililozama nusu kwenye kivuli. Pengine Royal Academy isingeikubali hivyo. Constable alikuwa bado hajachaguliwa kuwa mwanachama kamili, jambo lililosubiri hadi 1829, na mtu anayehitaji kura za wenzake humalizia vigae vyake. Mwanafunzi hana kura ya kuomba, anaweza kuiacha nyumba yake ikiwa bapa.

Miaka minne baada ya The Hay Wain, Constable alionyesha The Leaping Horse: farasi anaruka kizuizi kwenye njia ya kukokotea mashua, kando ya Stour huohuo. Safari hii pia aliandaa turubai mbili kubwa, moja iko V&A na nyingine imebaki Royal Academy, na wataalamu wamejadili sana jinsi alivyohama kati ya hizo mbili. Mbele ya farasi palikuwa na kisiki cha mti wa mwerebi, kimesimama hasa pale ambapo mwendo wa kuruka ulitaka kuelekea. Picha ilionyeshwa kikiwa mahali pake. Maonyesho yakaisha, picha ikarudi nyumbani bila mnunuzi, na mwezi Septemba 1825 Constable aliandika kwamba ameamka mapema, amekiondoa kile kisiki, na picha imekuwa bora zaidi.